Emin Pasha

Emin Pasha (jina la kuzaliwa: Isaak Eduard Schnitzer, 28 Machi 1840 – 23 Oktoba 1892) alikuwa daktari, mtafiti wa wanyama na mimea, na gavana wa jimbo la Ekwatoria lililokuwa chini ya Misri, katika eneo ambalo leo ni Sudan Kusini na kaskazini mwa Uganda. Baadaye alikuwa mtumishi wa serikali ya Kijerumani katika Tanganyika.

Katika historia ya Tanzania anajulikana hasa kwa kuanzisha kituo cha Bukoba mwaka 1890 na kwa ajali iliyompata Bagamoyo usiku wa tarehe 4 Desemba 1889, alipoanguka kutoka ghorofani na kuvunjika fuvu la kichwa. Ajali hiyo ilitokea mwishoni mwa msafara uliogharimu maisha ya mamia ya wapagazi wa Zanzibar. Siku chache baadaye ilifuata kesi ya fidia ya pauni 10,000 iliyofunguliwa Zanzibar, lakini haikuhusu kichwa cha Emin wala maisha ya wapagazi hao.

Maisha ya awali

Alizaliwa Oppeln katika Silesia, wakati huo sehemu ya Ufalme wa Prussia (leo Opole, nchini Poland), katika familia ya Wayahudi wa tabaka la kati. Alipokuwa na umri wa miaka miwili familia ilihamia mji wa Neisse. Baba yake alifariki mwaka 1845. Mama yake aliolewa tena na mume Mkristo, na watoto wakabatizwa katika kanisa la Kilutheri.

Alisoma udaktari katika vyuo vikuu vya Breslau, Königsberg na Berlin, akamaliza mwaka 1864. Hata hivyo hakupata kibali cha kufanya kazi ya udaktari katika nchi yake, akaondoka kutafuta ajira katika Milki ya Osmani. Alifanya kazi kama daktari wa karantini katika bandari ya Antivari (leo Bar, nchini Montenegro). Huko alijifunza Kituruki, Kialbania na Kigiriki. Kuanzia mwaka 1870 alikuwa katika nyumba ya gavana Ismail Hakki Pasha hadi gavana huyo alipofariki mwaka 1873. Alirudi kwao Neisse kwa muda, kisha mwaka 1875 akaondoka ghafla kwenda Misri na hatimaye Khartoum, Sudan. Kufikia wakati huo alitumia jina la Mehemet Emin na kuishi kama Mwislamu. Neno "emin" ni umbo la Kituruki la neno la Kiarabu lenye maana ya mwaminifu.

Gavana wa Ekwatoria

Mwaka 1876 Charles Gordon, Mwingereza aliyekuwa gavana wa Ekwatoria kwa niaba ya Misri, alimwajiri Emin kuwa mganga mkuu wa jimbo. Alimtuma pia kama mjumbe kwa Kabaka Mutesa I wa Buganda na kwa Mukama Kabalega wa Bunyoro. Emin alifaa kwa kazi hiyo kwa sababu alikuwa mpole na alijifunza lugha kwa haraka.

Mwaka 1878 aliteuliwa kuwa gavana mwenyewe, akikaa Lado kwenye mto Nile. Alipambana na wafanyabiashara ya watumwa na kurekebisha mapato ya jimbo. Wakati huohuo alikusanya ndege, wanyama na mimea na kupeleka maelfu ya sampuli kwenye majumba ya makumbusho ya Ulaya. Alifanya kazi hiyo ingawa macho yake yalikuwa mabovu, na alilazimika kuleta kitu karibu sana na uso ili akione. Kasoro hiyo ya macho ilikuja kuwa chanzo cha ajali yake.

Mwaka 1881 Muhammad Ahmad alijitangaza kuwa Mahdi nchini Sudan na kuanzisha vita dhidi ya utawala wa Misri. Khartoum ilianguka tarehe 26 Januari 1885 na Gordon aliuawa. Emin alikatiwa njia ya kaskazini, akahamia Wadelai, karibu na Ziwa Albert. Mtafiti Wilhelm Junker, aliyekuwa amekaa naye, alifanikiwa kutoka kupitia Buganda na kufika pwani mwaka 1886 akiwa na habari zake. Magazeti ya Ulaya yakamfanya Emin kuwa mtu mashuhuri, na wito ukatolewa aokolewe.

Msafara wa kumwokoa

Msafara uliandaliwa na kamati iliyoongozwa na mfanyabiashara William Mackinnon. Serikali ya Misri ilichangia pauni 10,000. Kiongozi alikuwa Henry Morton Stanley. Februari 1887 aliajiri wapagazi zaidi ya 600 Zanzibar, akawapeleka kwa meli kuzunguka Rasi ya Tumaini Jema hadi mdomo wa mto Kongo, ili wapite bara kutokea magharibi.

Kabla ya kuondoka, Stanley alifanya mkataba na Tippu Tip (Hamed bin Muhammed el-Murjebi), mfanyabiashara mkubwa wa pembe za ndovu na watumwa. Tippu Tip aliteuliwa kuwa gavana wa Stanley Falls (leo Kisangani) kwa niaba ya Dola Huru la Kongo, kwa mshahara wa pauni 30 kwa mwezi. Aliahidi pia kutoa wapagazi 600 wa kubeba mizigo ya msafara.

Stanley alitangulia na sehemu ya watu wake kupitia msitu wa Ituri. Wengine waliachwa Yambuya chini ya Meja Edmund Barttelot, wakiwangojea wapagazi wa Tippu Tip. Wapagazi hao walichelewa kwa miezi mingi, na walipofika idadi yao haikutimia. Katika kambi ya Yambuya Wazanzibari walikufa kwa njaa, kwa maradhi, kwa viboko na kwa kula muhogo mchungu usiotayarishwa vizuri. Barttelot mwenyewe aliuawa kwa risasi Julai 1888.

Stanley alikutana na Emin kando ya Ziwa Albert mwishoni mwa Aprili 1888. Ilibainika kwamba Emin alihitaji zaidi risasi na nguo kuliko kuhamishwa. Barua ya Khedive Tewfik, mtawala wa Misri, ilimweleza kwamba yeye na watu wake wangelipwa mishahara yao iwapo wangeondoka. Wakichagua kubaki, wangekuwa kwa hatari yao wenyewe na wasitegemee msaada wowote. Agosti 1888 askari wake waliasi na kumfunga Dufile. Baada ya kuachiliwa hakuwa na njia nyingine ila kuondoka.

Tarehe 10 Aprili 1889 msafara wa watu wapatao 1,500 ulianza safari ya kwenda pwani, ukipitia chini ya milima ya Ruwenzori, Ankole, Karagwe na Mpwapwa. Kati ya watu wa Emin walioanza safari hiyo, takriban nusu tu walifika. Kati ya wapagazi walioondoka Zanzibar mwaka 1887, waliorudi walikuwa chini ya nusu.

Ajali ya Bagamoyo

Msafara uliingia Bagamoyo asubuhi ya tarehe 4 Desemba 1889. Mji ulikuwa mikononi mwa Hermann von Wissmann, kamishna wa Kijerumani aliyekuwa akipigana na wapiganaji wa Abushiri bin Salim. Abushiri mwenyewe alinyongwa Pangani siku kumi na moja baadaye. Jioni Wissmann aliandaa karamu katika ghorofa ya makao yake kwa heshima ya wageni. Kulikuwa na hotuba, vinywaji na muziki, na watu wa msafara walisherehekea chini barabarani.

Katikati ya karamu Emin alitoka mezani akaingia chumba kingine. Kwa sababu ya macho yake mabovu inaelekea alidhani kwamba dirisha lililokuwa wazi ni mlango wa kutokea kwenye roshani. Alianguka hadi chini. Alipookotwa alikuwa hana fahamu. Damu ilitoka masikioni na upande mmoja wa uso ulikuwa umevimba. Alipelekwa katika hospitali ya Wajerumani mjini humo.

Damu inayotoka sikioni baada ya kuanguka ni dalili ambayo madaktari huihusisha na kuvunjika kwa kitako cha fuvu, yaani mifupa ya chini inayobeba ubongo. Eksirei haikuwapo, Wilhelm Röntgen aliigundua mwaka 1895. Daktari aliweza tu kutazama dalili za nje na kungoja. Hatari zilikuwa mbili: damu kuvuja ndani ya kichwa na kuukandamiza ubongo, na vijidudu kuingia kupitia ufa wa mfupa na kuambukiza utando wa ubongo. Dawa za kuua vijidudu ndani ya mwili hazikuwapo wakati huo, na madaktari wa Kijerumani waliomwona hawakuwa na matumaini makubwa.

Aliyemhudumia kwa karibu ni Thomas Heazle Parke, daktari Mwayalandi wa msafara wa Stanley. Parke alibaki Bagamoyo huku Stanley na wenzake wakivuka kwenda Zanzibar tarehe 6 Desemba, mpaka yeye mwenyewe alipougua vibaya. Emin alikaa kitandani wiki nyingi na kupona polepole. Kufikia mapema mwaka 1890 aliweza kuandika na kurudia kazi yake ya kukusanya ndege na wadudu.

Wakati akiwa mgonjwa, serikali mbili zilimgombea. Waingereza walitaka aje Zanzibar na kisha Cairo. Wajerumani walimtaka abaki kwao, kwa kuwa alikuwa Mjerumani kwa kuzaliwa na aliijua nchi ya maziwa makuu. Emin aliacha kuwasiliana na Stanley, na Machi 1890 akakubali kuingia katika utumishi wa Ujerumani. Waliomwendea wakamkuta amebadilika walieleza jambo hilo kwa namna mbalimbali. Kwa Stanley ilikuwa utovu wa shukrani. Inajulikana leo kwamba jeraha la kichwa linaweza kubadili hasira, usingizi na uamuzi wa mtu kwa miezi au miaka. Lakini Emin alikuwa pia na sababu zisizohusu jeraha: alikuwa amepoteza jimbo lake, hakuwa na mali, na msafara ulioitwa wa kumwokoa ulimwondoa mahali alipotaka kubaki.

Hakuna aliyelipa fidia kwa jeraha lake. Misri ilikuwa imeahidi mishahara, si malipo ya kuumia. Wissmann alikuwa mwenyeji wake, si mwajiri wake. Kamati ya Mackinnon ilikuwa na wajibu wa kumfikisha pwani, na alikuwa ameshafika.

Kesi ya fidia Zanzibar

Mara baada ya kufika Zanzibar, Desemba 1889, Stanley alifungua madai dhidi ya Tippu Tip katika mahakama ya konseli ya Uingereza. Alidai pauni 10,000 kwa madai kwamba Tippu Tip alivunja mkataba wa 1887, na kwamba kuchelewa kwa wapagazi ndiko kulikosababisha hasara na vifo vya Yambuya.

Tippu Tip alikuwa bara na hakuwa raia wa Uingereza. Lakini fedha zake, malipo ya pembe za ndovu, zilikuwa kwa wakala wake Jaffer Tharia, Mhindi aliyehesabiwa kuwa chini ya himaya ya Uingereza. Kwa njia hiyo mahakama iliweza kuzizuia fedha hizo hadi kesi iamuliwe.

Tippu Tip alipopata habari aliamua kurudi pwani kujitetea. Safari ilikuwa ndefu na aliugua sana njiani, akafika Zanzibar mwaka 1891. Hoja yake ilikuwa kwamba Stanley ndiye aliyeanza kuvunja makubaliano, kwa kuwa hakuleta baruti aliyoahidi, na kwamba ahadi ya kutoa watu haikuwa ahadi ya kuyalinda maisha ya msafara. Mwishowe madai hayo yaliondolewa bila Tippu Tip kulipa. Alibaki Zanzibar hadi kifo chake mwaka 1905.

Kesi hiyo inaonyesha kwamba sheria ya fidia ilikuwapo Zanzibar na iliweza kufanya kazi kwa haraka. Iliwalinda wenye mikataba iliyoandikwa na kusainiwa mbele ya konseli. Mpagazi alikuwa na mapatano ya mshahara tu. Akifa njiani au akivunjika mguu, hakukuwa na mahakama ambayo mkewe angeweza kuiendea kudai.

Fungu la wajane na yatima

Familia za wapagazi waliokufa zilipata kitu kwa njia nyingine. Kutoka katika fedha za kamati ya msafara zilitengwa rupia 10,000 zigawiwe kwa wajane na yatima wa Zanzibar, chini ya wadhamini waliochaguliwa mjini.

Wakati huo pauni moja ilikuwa na thamani ya rupia zaidi ya kumi. Kwa hiyo fungu zima la wajane na yatima lilikuwa chini ya pauni 1,000, yaani chini ya sehemu moja ya kumi ya kiasi ambacho Stanley alidai kwa hasara ya msafara. Tena lilikuwa msaada, si haki: familia haikuweza kudai zaidi wala kukata rufaa kama haikupata. Majina ya maofisa wa Kizungu wa msafara yamo katika vitabu vingi, lakini wengi wa wapagazi waliokufa wanajulikana kwa hesabu tu.

Utumishi wa Ujerumani na kifo

Tarehe 26 Aprili 1890, chini ya miezi mitano tangu kuvunjika fuvu, Emin aliondoka Bagamoyo akiongoza msafara wa Wajerumani kwenda bara pamoja na Franz Stuhlmann. Alipandisha bendera ya Ujerumani Tabora, na Novemba 1890 akaanzisha kituo cha Bukoba kando ya Ziwa Viktoria. Wakati huo mkataba wa tarehe 1 Julai 1890 kati ya Uingereza na Ujerumani ulikuwa umeshaiweka Uganda upande wa Uingereza, hivyo mipango yake ya kwenda mbali zaidi ilikosa maana kwa wakubwa wake. Aliagizwa kurudi lakini aliendelea mbele.

Mwaka 1891 alifika magharibi ya Ziwa Albert akitumaini kuwakusanya askari wake wa zamani. Wengi walikataa kumfuata. Ndui ilizuka katika msafara. Desemba 1891 alimwamuru Stuhlmann aondoke na watu wazima wa afya, na yeye, karibu kipofu, akabaki na wagonjwa. Kisha alijaribu kufuata njia ya magharibi kuelekea mto Kongo. Tarehe 23 Oktoba 1892 aliuawa kwa kukatwa kichwa huko Kinena, kwa amri ya Kibonge, mmoja wa viongozi wa wafanyabiashara Waarabu na Waswahili wa eneo hilo. Ulikuwa wakati wa vita kati yao na Dola Huru la Kongo. Baadaye waliohusika na mauaji hayo, pamoja na Kibonge, walikamatwa na kuuawa na serikali ya Kongo.

Binti yake Ferida, ambaye mama yake alikuwa Mhabeshi, alifika pwani pamoja naye mwaka 1889. Alipelekwa Ujerumani na kulelewa na dada yake Emin.

Fidia ya majeraha ya kichwa baada ya wakati wake

Sheria za kumlipa mfanyakazi aliyeumia kazini zilianza Ujerumani mwaka 1884, wakati wa Chansela Otto von Bismarck, miaka mitano kabla ya ajali ya Bagamoyo. Lakini hazikuwahusu wapagazi wa Afrika. Katika Tanganyika sheria ya namna hiyo ililetwa wakati wa utawala wa Waingereza. Nafasi yake ilichukuliwa na Sheria ya Fidia kwa Wafanyakazi ya mwaka 2008, ambayo chini yake Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi ulianza kazi mwaka 2015.

Kwa sheria hiyo mfanyakazi aliyeumia kichwa akiwa kazini, awe Bagamoyo, Nachingwea au Ruangwa, anastahili matibabu na malipo ya ulemavu bila kulazimika kuthibitisha kwamba mwajiri alifanya uzembe. Akifariki, wategemezi wake hulipwa kwa haki. Kwa ajali za barabarani, zikiwemo za bodaboda, sheria ya bima ya vyombo vya moto humtaka kila mwenye chombo awe na bima ya kumlipa mtu wa tatu anayeumizwa. Katika madai ya namna hiyo fomu ya polisi (PF3) na taarifa ya daktari ni ushahidi wa msingi. Kwa jeraha la kichwa taarifa ya mapema ina uzito zaidi, kwa sababu madhara kama kifafa, kusahau na kubadilika tabia huweza kujitokeza baada ya kidonda cha nje kupona.

Kumbukumbu

Jina la Emin limebaki katika Ghuba ya Emin Pasha, kusini-magharibi mwa Ziwa Viktoria upande wa Tanzania. Limebaki pia katika majina ya kisayansi ya viumbe kadhaa, kama shomoro mwekundu Passer eminibey na panya-buku wa msituni Cricetomys emini. Shajara zake zilipatikana baada ya kifo chake na kuhaririwa na Stuhlmann. Hutumiwa na wanahistoria wa Sudan Kusini, Uganda na Tanzania, kwa kuwa aliandika karibu kila siku kuhusu watu, hali ya hewa na ndege wa sehemu alizopita, hata baada ya ajali ya Bagamoyo.